Harusi ya pikiniki: mikeka mnayo, viti je?

*Anti, nikifanya harusi ya pikiniki si naokoa hela ya ukumbi?*

Swali hili limenichosha. Ukumbi una viti, vyoo, umeme na paa. Uwanja una nyasi. Vilivyobaki utavikodi kimoja kimoja na usafiri ulipie. Anza na vyoo, maana kamati huvikumbuka wageni wakishafika.

*Tumepanga Aprili, hapa Dar.*

Masika hayo. Sogezeni hadi Julai.

*Tunataka ufukweni Kigamboni, saa kumi jioni, Jumamosi ya mwezi mpevu, picha zitoke nzuri.*

Mmemuuliza mvuvi yeyote? Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, na pwani yetu siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni. Mkienda kukagua saa nne asubuhi mtakuta mchanga mpana mpaka mtashangilia. Jioni mikeka itaelea. Kati ya kupwa na kujaa hapo maji hupanda zaidi ya mita tatu, si utani. Rudisheni nyuma au sogezeni mbele wiki moja, wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Saa kumi hiyohiyo mtakuta yamekupwa. Mpambaji aliyewaambia "hamna shida" ameshachukua kianzio chake.

*Bibi ana shida ya magoti, lakini mpambaji anasema viti vitaharibu mwonekano.*

Bibi akae kitini. Na si yeye tu: wajawazito, wajomba wenye vitambi, na kila dada aliyeshonewa gauni la kubana. Mikeka mbele, viti nyuma kwenye kivuli, basi. Ile picha ya intaneti mliyonitumia ina vijana kumi na wawili na kikapu cha mikate. Nyinyi mmegawa kadi mia mbili, nyingi dabo, na watu wamechanga. Mtu aliyetoa mchango wake hakai chini akikunja miguu kwa saa tano ili nyinyi mpate picha.

*Pilau tuipakie kwenye maboksi tangu asubuhi?*

Mnataka kulaza ukoo mzima hospitali? Wali ukikaa kwenye joto huota bakteria wanaoacha sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi. Chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili nje, na joto likipita nyuzi 32, kisizidi saa moja. Pilau ije ya moto kwenye hotpoti kubwa, ipakuliwe palepale, kachumbari ikatwe mwisho. Vikapuni wekeni visheti, kashata, ndizi na machungwa. Mayonezi ibaki nyumbani.

*Zawadi za wageni tutie kwenye mifuko ya plastiki?*

Imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mlikuwa wapi?

*Watoto waje?*

Waje. Ila mlipeni mtu wa kuwaangalia, msimtwishe shangazi. Naye amealikwa.