Kabla hujaandika kwamba kipokezi hakifai

Unapoanza kupima jinsi VVU vinavyoingia kwenye seli za wanyama, jihadhari na hukumu ya haraka. Seli isipoambukizwa, lawama huangukia kipokezi (protini ya juu ya seli ambayo virusi huishika ili kuingia), ilhali huenda virusi vimeingia vikakwama ndani.

Kwenye VVU-1, aina kuu ya VVU, protini ya nje ya virusi iitwayo gp120 hushika kipokezi CD4, hubadili umbo, kisha hushika kipokezi mwenza, CCR5 au CXCR4. Hapo protini mwenzake, gp41, huunganisha tando mbili, wa virusi na wa seli. CD4 ya panya haishikwi na gp120. Ukiwekea seli ya panya CD4 ya binadamu, virusi hunata nje bila kuingia. Hilo lilionekana 1986, na vipokezi wenza vikatambuliwa 1996. Ongeza CCR5 ya binadamu na virusi vitaingia, ila saiklini T1 ya panya, protini ya seli inayosaidia kunakili jeni, haielewani vizuri na Tat, protini ya virusi inayochochea jeni zao. Kwa hiyo lusiferasi (kimeng'enya kinachotoa mwanga kuonyesha maambukizi) inayoendeshwa na LTR, swichi ya jeni za virusi inayotegemea Tat, itakudanganya. Tumia yenye promota ya CMV (swichi ya jeni isiyohitaji Tat), au kipimo cha BlaM-Vpr (kimeng'enya kilichobandikwa kwenye protini Vpr ya virusi), kinachosoma kuingia kwenyewe.

Makaku wa resusi, aina ya tumbili, ni mtego mgumu zaidi. CCR5 yake inafaa, lakini CD4 yake ina asidi amino aisoleusini kwenye nafasi ya 39, mahali ambapo binadamu ana asparajini, na aina nyingi za VVU-1 huingia kwa shida. Zikishaingia, TRIM5 alfa, protini ya kinga ndani ya seli, huzizuia. Vizuizi viwili, matokeo yaleyale ya sifuri!

Ndiyo maana kila jaribio liwe na visima vinne (vishimo vya sahani ya kuoteshea seli): bila kipokezi, CD4 pekee, CCR5 pekee, zote mbili, kila kimoja mara tatu, visomwe baada ya saa 48. Sambamba, tumia virusi bandia vyenye kiini kilekile vilivyovikwa protini G ya VSV, virusi vingine visivyohitaji CD4 wala CCR5 kuingia. Hivi vikifanikiwa na vya VVU vikashindwa, tatizo ni mlangoni. Vyote vikishindwa, tafuta ndani. Maraviroki, dawa inayoziba CCR5, kwa mikromola 1 ikizima ishara, umethibitisha njia ya CCR5.

Pima pia vipokezi juu ya seli. Bandua seli kwenye sahani kwa kemikali ya EDTA, si kwa kimeng'enya cha tripsini, maana tripsini hukata protini za nje. Kingamwili ya CD4 ya binadamu huenda isitambue ya tumbili, hivyo wengi hubandika lebo, kipande kifupi cha protini kinachotambulika kwa kingamwili yake. Kwa CCR5, lebo ya nje hukaa kwenye ncha ya N (mwanzo wa mnyororo wa protini), ambayo gp120 huigusa. Rudia jaribio bila lebo. Tena usijaze vipokezi kupita kiasi: CD4 nyingi mno huficha mshiko dhaifu, na tofauti ya nafasi ya 39 inaweza kupotea machoni pako.