Kwa nini Aqua-Line ni nusu handaki, nusu daraja?

SWALI: Nasomea uhandisi ujenzi. Nimeona picha ya barabara ya kulipia inayokatiza Ghuba ya Tokyo, Japani. Daraja linakwenda hadi katikati ya bahari, likifika kwenye kisiwa linakatika. Magari yanaishia wapi? Na kwa nini hawakujenga daraja moja kwa moja?

JIBU: Yanaingia chini ya bahari, ndugu yangu. Hiyo ni Tokyo Bay Aqua-Line, kilomita 15.1 kutoka Kawasaki hadi Kisarazu, mkoani Chiba. Ukitokea Kawasaki unapita handakini kilomita 9.6 hivi, unaibukia kisiwa cha kutengenezwa kiitwacho Umihotaru, kisha daraja la kilomita 4.4 linakuvusha.

Ukichora njia ya barabara, anza kwa kuuliza nani ametangulia kupatumia mahali hapo. Upande wa Kawasaki hupita meli kubwa usiku na mchana. Daraja la kuzipisha lingelazimika kupanda juu sana, na jirani tu upo uwanja wa Haneda, ndege zikitua na kuruka. Juu kuna ndege, majini kuna meli, ikabaki chini. Upande wa Kisarazu maji ni ya kina kifupi na meli kubwa hazipiti, kwa hiyo daraja likafaa.

Mimi hasa navutiwa na uchimbaji wake. Chini ya ghuba ile ni matope laini. Walitumia mashine 8, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 14.14, zikichimba kwa kuelekeana hadi zikakutana chini ya bahari. Zilipokaribiana, udongo wa kuzunguka pale pa kuungania uligandishwa ukawa mgumu kama barafu, ndipo mafundi wakaunga kuta bila maji kuwavamia. Katikati ya handaki kuna kisiwa kingine, Kaze no To, yaani Mnara wa Upepo. Kina minara miwili yenye mistari ya buluu na nyeupe, na kazi yake ni kulipatia handaki hewa.

Utafiti ulianza 1966, ujenzi 1989, na barabara ikafunguliwa tarehe 18 Desemba 1997, kwa gharama ya yeni trilioni 1.4 hivi. Kabla ya hapo ulizunguka ghuba karibu kilomita 100, au ukapanda kivuko. Sasa ni kama dakika 15.

Lakini tozo ya mwanzo, yeni 4,000 kwa gari dogo, iliwafukuza watu. Agosti 2009 ilishushwa hadi 800 kwa wanaolipa kielektroniki, mkoa wa Chiba ukichangia kuziba pengo. Magari yakafurika, hasa jioni za wikendi watu wakirudi kutoka Chiba. Ndipo Julai 2023 wakaanza kutoza kulingana na saa ya kupita, wikendi na sikukuu, kwa wanaoelekea Kawasaki: wakati huo ilikuwa saa 7 mchana hadi saa 2 usiku yeni 1,200, na kutoka hapo hadi saa 6 usiku yeni 600, ili anayeweza kusubiri abaki Chiba ale chakula cha jioni kwanza.