Msimtume mfanyakazi kusema asichokiamini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: kampuni inayotaka chapa yake ipendwe na wateja na wafanyakazi wake pia, ianze na nani? Najua barua nyingi zitakuja na jibu moja, kwamba mtunze mfanyakazi, naye atamtunza mteja. Sina ugomvi na jibu hilo. Herb Kelleher, mmoja wa waasisi wa shirika la ndege la Southwest la Marekani, alilihubiri maisha yake yote, na shirika lake halikufunga mwaka hata mmoja kwa hasara tangu 1973 hadi 2019. Kwa shirika la ndege hilo si jambo dogo. Hata herufi zake kwenye soko la hisa la New York ni LUV, zinazosomeka kama neno la Kiingereza la upendo.

Ila jibu hilo lina tundu, na tundu lenyewe lilionekana Southwest hiyo hiyo. Desemba 2022 dhoruba kali ya baridi iliivamia Marekani wakati wa sikukuu. Mashirika mengine yalitetereka siku chache yakasimama. Southwest iliendelea kufuta safari hadi zikakaribia 17,000, na abiria zaidi ya milioni mbili wakavurugikiwa na mipango yao. Si kwamba wafanyakazi walikuwa wameacha kuipenda kampuni. Kilichozidiwa ni mfumo wa kuwapangia marubani na wahudumu safari. Ikabidi wapige simu wenyewe kueleza wako wapi, wengine wakisubiri kwenye laini kwa saa nyingi. Chama cha marubani kilikuwa kimeulalamikia mfumo huo kwa miaka. Mwaka uliofuata serikali ikaitoza kampuni adhabu ya dola milioni 140.

Sasa mfikirie mtu wa kaunta siku zile. Mbele yake kuna foleni isiyo na mwisho, kila mmoja anauliza mzigo wangu uko wapi na je, kesho nitaondoka? Yeye mwenyewe hajui, na anayemuuliza naye hajui. Mtu huyo anaweza kuipenda kampuni kwa moyo wote na bado akawa hana cha kumpa abiria zaidi ya pole.

Kwa hiyo mimi naanzia kwingine. Naanzia kwenye maneno ambayo kampuni inamtuma mfanyakazi akamwambie mteja. Je, ni ya kweli? Na anayetumwa kuyasema, ana uwezo wa kuyatimiza? Mengine yote, kuanzia rangi ya nembo hadi sherehe za mwisho wa mwaka, nayaweka nyuma ya hapo.

Nimepokea simu za wateja kwa miaka kadhaa, kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Tulikuwa na karatasi ya maneno ya kusema, imebandikwa pembeni ya kompyuta. Mteja akilalamika kwamba huduma imekatika, sentensi ilikuwa hii: "Pole sana kwa usumbufu, mafundi wetu wanalishughulikia tatizo lako hivi sasa." Kwenye skrini mbele yangu, sehemu ya jina la fundi iko tupu. Hakuna aliyepangiwa. Mara nyingi ilibaki tupu hadi kesho yake. Mteja yule yule anapiga tena, anapokelewa na mwenzangu wa kiti cha pili, anaambiwa mafundi wanalishughulikia hivi sasa. Kuiacha sentensi ile hairuhusiwi, maana simu zinarekodiwa na msimamizi anakupa alama kwa jinsi ulivyofuata maandishi. Ukisema, "Mama, nisikudanganye, bado hajapangiwa mtu, ila kesho asubuhi nitakufuatilia mwenyewe," unapoteza alama mara mbili: kwa kuacha maandishi, na kwa kurefusha simu.

Ukutani palikuwa na bango la watu wanaocheka, limeandikwa "Tunakujali". Wateja waliliona barabarani. Sisi tuliliona kila tulipoinua kichwa. Walioanza kuondoka ni wale wapokeaji hodari, ambao wateja waliwaulizia kwa majina. Mshahara haukuwa mbaya kivile. Walichoka kutukanwa kwa uongo ambao hawakuutunga wao. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliwachunguza wahudumu wa ndege na mwaka 1983 akachapisha aliyoyaona kuhusu gharama ya kuuza tabasamu usilokuwa nalo moyoni. Sisi tulikuwa na hilo, na juu yake tukaongezewa kuuza taarifa tulizojua si za kweli.

Uongozi, kwa upande wake, ulituletea fulana. Ninaziheshimu fulana, bado ninayo moja naivaa nikipaka rangi nyumba. Lakini siku ile ya kugawiwa, mwenzangu mmoja aliuliza kwa upole kama tunaweza kubadilishiwa ile sentensi ya mafundi. Akajibiwa kuwa maandishi yanatoka idara ya chapa.

Nikitafuta mfano wa jambo hili likikomaa hadi kuangusha jina kubwa, naiona benki ya Wells Fargo ya Marekani, jina la tangu 1852. Uongozi ulitaka kila mteja awe na bidhaa nane za benki, na kaulimbiu ya ndani, yenye vina kwa Kiingereza, ilisema nane ndiyo safi. Kwa nini nane na si nne? Haikutokana na mahitaji ya mteja. Karani asiyefikisha idadi alibanwa, akabanwa tena, mpaka maelfu wakaanza kufungua akaunti bila wenyewe kujua. Septemba 2016 mambo yakawekwa hadharani: adhabu ya dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa katika miaka ile. Oktoba mkurugenzi mkuu, John Stumpf, akajiuzulu. Mwaka uliofuata benki ikasema akaunti zenye shaka huenda zikafikia milioni 3.5, na 2020 ikakubali kulipa dola bilioni tatu kumalizana na serikali.

Wengi wanaisoma habari hii kama habari ya wizi. Mimi naisoma kama habari ya chapa. Nje benki ilikuwa inahubiri kumtanguliza mteja. Ndani ilikuwa inahesabu hadi nane. Mfanyakazi ndiye aliyesimama katikati ya sentensi hizo mbili, na ndiye aliyejua mapema kuliko mteja yeyote ipi ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana kampuni ikitaka kujua jina lake litasimama vipi miaka ijayo, utafiti wa soko hautoshi. Majibu yako kwa watu wake wa mbele, wale wanaojua tofauti ya bango na skrini.

Mfano wa upande wa pili unaorudiwa sana ni wa hoteli za Ritz-Carlton, ambako kila mfanyakazi, awe mtandika vitanda au mbeba mizigo, anaweza kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kumaliza tatizo bila kumwomba bosi ruhusa. Watu huduwaa na kiasi. Mimi kinachonivutia ni hayo maneno "bila kumwomba bosi". Matatizo mengi ya mgeni hayahitaji hela ya namna hiyo: shati limechafuliwa, chumba kina kelele. Ila mfanyakazi akisema "nitalimaliza hili", anasema kitu cha kweli. Hasemi "nitalifikisha kwa wahusika", sentensi ambayo kila mteja duniani anajua maana yake.

Mfano ninaoupenda zaidi hata hauhusu kaunta, unahusu kiwanda. General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari Fremont, California, chenye sifa mbaya mno. Utoro ulikuwa wa kutisha, inatajwa kwamba siku za kawaida kama mtu mmoja kati ya watano hakuja kazini, na magari yalitoka na kasoro. Mwaka 1982 kikafungwa. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani, pamoja na chama chao. Kwenye mfumo wa zamani, mstari wa kuunganisha magari haukusimamishwa. Ukiona kasoro, unaiacha ipite, itarekebishwa huko mbele ya safari. Toyota ikaweka kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi. Yeyote akiona tatizo, anavuta, kiongozi wa kundi anakuja, na lisipotatuliwa kwa wakati mstari unasimama. Haikuchukua muda, ubora wa magari ukaanza kulinganishwa na wa viwanda vya Japani, na utoro ukashuka hadi asilimia chache tu.

Mtu aliyekuwa anatoroka kazini alikuwa huyo huyo. Hakufundishwa kuipenda kampuni. Aliacha kulazimishwa kupitisha kitu alichokiona kibovu kwa macho yake, halafu jina la kampuni likaenda kubandikwa juu yake. Sijui heshima gani ya kazi inayozidi hiyo. Na mnunuzi wa gari, ambaye hakuwahi kusikia habari ya kamba, alipata gari lisilomtia aibu njiani.

Kuhusu mshahara sitakaa sana, si kwa kuwa ni mdogo kwa umuhimu bali kwa kuwa hauna siri. Lipa vizuri. Henry Ford mwaka 1913 aliajiri watu wakawa wanaondoka kwa wingi kiasi kwamba ilimbidi aajiri mara kadhaa ya idadi aliyohitaji. Januari 1914 akatangaza dola tano kwa siku ya saa nane, na mtiririko wa kuondoka ukapungua sana. Lakini pamoja na hela hizo alituma wakaguzi majumbani kwa wafanyakazi kuangalia kama wanaishi maisha anayoyakubali yeye. Hela inaweza kumfanya mtu abaki bila kumfanya akusifu.

Na matangazo? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wauza matangazo hawajawahi kuusamehe msemo huo. Sisemi yaachwe. Nasema tangazo lipitishwe kwanza kwa mtu wa kaunta, aulizwe: mteja akija ameliamini hili, utaweza kumpa? Mwaka 2011 Patagonia, kampuni ya nguo ya Marekani, iliweka tangazo kwenye New York Times siku ya mauzo makubwa ya Novemba, likionyesha koti lake na maneno ya kumwambia msomaji asilinunue. Ujanja wa kibiashara? Kiasi, ndiyo. Ila kampuni hiyo ilikuwa inakubali nguo zilizochakaa zirudi kushonwa, kwa hiyo muuzaji dukani aliyeulizwa "mna maana hiyo kweli?" alikuwa na jibu.

Mnaotaka pa kuanzia, sihitaji kuwauzia semina. Kaa na wapokea simu au wauzaji wako, bila bosi wao kuwepo, waombe wakutajie sentensi wanazozisema kila siku na hawaziamini. Hutasubiri sana. Kisha kila sentensi ina njia mbili: ama kampuni ibadilike mpaka sentensi iwe kweli, ama sentensi iandikwe upya. Ya pili ni rahisi na inadharauliwa. "Fundi bado hajapangiwa, nitakupigia kesho kabla ya saa sita" haina mvuto wa bango, lakini mteja anaweza kupanga siku yake kwa hiyo.

Pingamizi nitakalokutana nalo nalijua, nimelisikia kwenye vikao: mfanyakazi akipewa ruhusa ya kuamua, ataitumia vibaya, atawapa rafiki zake fidia na punguzo. Wapo watakaofanya hivyo. Weka kiwango, andika kila kilichotumika na sababu yake, pitia vitabu kila mwezi, na mwizi utamwona kwa jina na tarehe. Hasara ya mteja aliyedanganywa mara tatu akahama kimya kimya haiandikwi popote, wala ya mpokea simu hodari aliyekwenda kwa mshindani wako, ambako wateja wake watatu au wanne walimfuata ndani ya mwezi ule ule.