Dada, ukuta huo naujua

Juzi dada mmoja wa Likoni aliniandikia: "Naimba kwaya kila Jumapili, lakini nikipiga magoti nyumbani naona kama naongea na ukuta." Niliusoma ujumbe wake ndani ya matatu, pale Kengeleni, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Miaka sita niliongoza sifa kanisani kwetu Kisauni. Watu walilia, na mimi nikajiona nimefika. Nyumbani Biblia ilikaa juu ya kabati mpaka Jumapili nyingine. Mistari nilikuwa naitafuta kwenye simu njiani. Kisha siku moja, kwa ujumbe wa WhatsApp, nikaambiwa nipumzike, vijana washike maiki. Hata simu sikupigiwa! Mpaka leo nikisikia wimbo niliowafundisha mwenyewe, kitu hunikaba kooni. Mungu anisamehe.

Nikasusa ibada. Alfajiri moja adhana ikaniamsha, nikasikia ndara za mzee jirani zikiburuta kwenda msikitini. Mzee ana goti bovu, na huko haendi kushika maiki. Nikaona haya. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia Yesu: nimeumia, na wimbo sina. Dakika tano hazikufika. Lakini kwa miaka sita sikuwahi kuomba hivyo.

Basi, dada, anza na Marko. Ni sura 16 tu. Katika sura ya kwanza utaona mji wote umekusanyika mlangoni kumtaka Yesu, na kesho yake alfajiri na mapema ameshatoka kwenda kuomba mahali pasipo na watu. Wanafunzi wanamfuata: watu wote wanakutafuta! Yeye anasema twende kwingine. Mimi ningerudi mbio kwa watu wangu.

Na usimpambie maneno, mwambie linalokuuma. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na kichanga chao. Sidhani machozi yale yalikuwa na vina.

Wapendwa, tunamwimbia Yesu mbele za watu, tukibaki naye wawili tunashika simu. Ongea naye. Huna maneno? Ongea naye hivyohivyo.

Kesho alfajiri jaribu, dada. Mimi nitakuwa kwenye ngazi zangu. Na kama ndugu zangu wa timu ya sifa mnasoma hapa, ile tamburini ni yangu. Naiomba.