Ubishi wa James Bond: shika mwaka kabla hujashika hoja

Ukikaa na mashabiki wa James Bond kwa muda wa kutosha, swali la Blofeld litaibuka tu. Linakwenda hivi. Katika You Only Live Twice ya 1967, Bond anakutana uso kwa uso na Ernst Stavro Blofeld, kigogo wa genge la kihalifu la Spectre, yule wa paka mweupe. Filamu inayofuata, On Her Majesty's Secret Service ya 1969, Bond anaingia ngome ya Blofeld juu ya milima ya Uswisi akijifanya mtaalamu wa nasaba, na Blofeld anampokea kama mgeni ambaye hajawahi kumtia machoni. Kavaa miwani, basi. Na huyu ndiye mtu aliyetaka kumuua juzi tu!

Wengi hukimbilia kusema watengenezaji walizembea. Mimi nawashauri waulize kwanza kitabu kilitoka lini. Ian Fleming, mwandishi wa vitabu vya Bond, alitoa On Her Majesty's Secret Service mwaka 1963 na You Only Live Twice mwaka 1964. Kwake yeye, kitabu cha kwanza kinaisha kwa Bond kuuliwa mke saa chache baada ya ndoa, na cha pili kinampeleka Japani ambako anakutana na muuaji na kulipa kisasi. Watayarishaji, Albert Broccoli na Harry Saltzman, wakaanza na cha Japani. Mwongozaji Peter Hunt alipokabidhiwa ile ya 1969 akakifuata kitabu kwa karibu sana, na ndani ya kitabu wawili hao walikuwa bado hawajaonana. Ukilijua hilo huna tena kosa la kushangilia, una uamuzi wa kuujadili: mwongozaji aheshimu kitabu au aheshimu filamu iliyotangulia? Mimi niko na Hunt. Ile ndiyo filamu ninayoipenda kuliko zote za zamani, na ningeikosa kama angejipinda ili kumridhisha mtu anayelinganisha tarehe.

Nimebishana mambo haya miaka mingi, kijiweni na nyumbani, na nilichojifunza ni kwamba mwendelezo wa Bond haudaiwi kwa usawa katika filamu zote. Zipo filamu 25 za kampuni ya Eon, kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021. Nyingi kati yake hazikuahidi kuendeleza hadithi moja. Zinaahidi mtu yuleyule, bosi yuleyule, bastola, mzaha, na mji mgeni kila baada ya dakika ishirini. Huwezi kumdai mtu deni ambalo hakukopa.

Hapa ndipo huingia wale wenye nadharia ya kwamba "James Bond" ni jina la kazi tu, linalorithishwa kutoka jasusi mmoja kwenda mwingine kama namba 007. Inavutia kwa sababu inatatua umri: mtu aliyekuwa kazini 1962 anawezaje kuwa kijana 2002? Ushahidi wao mkubwa ni George Lazenby, aliyempokea Sean Connery nafasi ya Bond. Mwanzoni mwa ile ya 1969, mwanamke aliyemwokoa ufukweni anamkimbia, naye anageuka na kulalamika kwamba yule jamaa mwingine hayakuwahi kumfika haya. Nadharia imethibitika, wanasema.

Ukiwa unabishana nao, waombe wavumilie kidogo, filamu iendelee. Bond anagombana na M, yule bosi wake, anaamua kuacha kazi, anarudi ofisini kwake kufungasha. Anafungua droo ya meza na kutoa kitu kimoja kimoja: mkanda wenye kisu wa Honey Ryder wa Dr. No, saa yenye waya wa kunyongea ya From Russia with Love, kifaa kidogo cha kupumulia chini ya maji cha Thunderball. Kila anachoshika, muziki wa filamu husika unasikika kwa mbali. Jamaa mgeni ana kumbukumbu za Connery mkononi. Ule mzaha wa ufukweni ulikuwa wa kutuchekesha sisi watazamaji. Droo ni ya mhusika.

Kisha fuata kaburi la Tracy, yule mke wa Bond aliyeuawa. Mwaka 1977, kwenye The Spy Who Loved Me, jasusi wa Kirusi anasoma maisha ya Bond mbele yake na kugusa habari ya mke aliyeuawa. Roger Moore anamkatisha, na uso wake wa utani unapotea ghafla. Mwaka 1981, For Your Eyes Only inaanza na Moore huyohuyo akiweka maua kaburini, na jiwe limeandikwa 1969. Mwaka 1989, zamu ya Timothy Dalton, rafiki yake Felix Leiter anamweleza bibi harusi wake kwamba Bond aliwahi kuoa, zamani. Waigizaji watatu, mjane mmoja. Malalamiko yangu mimi yako kwingine: Diamonds Are Forever ya 1971, iliyokuja mara tu baada ya msiba, inaanza na Bond akimsaka Blofeld kwa hasira lakini jina la Tracy halitajwi hata mara moja. Connery alikuwa amerudi, na kila mtu akajifanya harusi haikuwepo. Hilo si kosa la tarehe. Ni ubaridi.

Sura kujirudia usiipotezee muda. Charles Gray anauawa 1967 akiwa upande wa Bond, anarudi 1971 akiwa Blofeld. Maud Adams ni mwanamke mmoja 1974 na mwingine 1983. Joe Don Baker ni muuza silaha 1987, kisha mtu wa CIA 1995. Walikuwa wanawapenda waigizaji wao, yaishe.

Judi Dench ndiye anayehitaji uangalifu. Katika GoldenEye ya 1995 ni M mgeni kazini, na anamwambia Pierce Brosnan waziwazi kwamba ni masalia ya Vita Baridi. Katika Casino Royale ya 2006 mama huyohuyo ni mkongwe, Bond ndiye mgeni, na ni yeye sasa anayezililia enzi za Vita Baridi. Hapo usitafute gundi ya kuunganisha. Mwaka 2006 walianza upya. Mwigizaji walibaki naye kwa sababu ni mzuri mno kumwacha, lakini M wake ni mwingine.

Na kwa kuanza upya, filamu za Daniel Craig zikatoa ahadi ambayo waliotangulia hawakuitoa. Quantum of Solace ya 2008 inaanza pale Casino Royale ilipoishia, mateka akiwa bado kwenye buti la gari. Basi hizi zidai. Skyfall ya 2012 inatoa Aston Martin DB5 yenye kiti cha kumrusha abiria, wakati DB5 pekee tuliyomwona Craig akiipata ni ile aliyomla mtu kwenye karata huko Bahamas, gari la kawaida. Hilo nalisamehe, ukumbi mzima ulishangilia. Spectre ya 2015 siisamehi. Inatuambia ghafla kwamba Blofeld ni kijana wa mlezi aliyemtunza Bond baada ya kufiwa na wazazi, na kwamba ndiye aliyekuwa nyuma ya maumivu yake yote tangu filamu ya kwanza, pamoja na Silva wa Skyfall ambaye alikuwa na sababu zake kamili za kumchukia M.

Kwa nini walifanya hivyo? Uliza tena mwaka. Fleming, Kevin McClory na Jack Whittingham waliandika pamoja mswada wa filamu, Fleming akaugeuza kuwa kitabu, Thunderball, mwaka 1961, wakafikishana mahakamani. Shauri lilipomalizika 1963, McClory alibaki na haki za filamu za hadithi hiyo, ambamo Spectre na Blofeld walitokea kwanza. Ndiyo maana 1983 kulikuwa na Bond wawili: Moore kwenye Octopussy, na Connery kwenye Never Say Never Again iliyotoka nje ya Eon. Na ndiyo maana yule mzee wa kiti cha magurudumu anayedondoshwa kwenye bomba la moshi mwaka 1981 hatajwi jina, ingawa hata mtoto anajua ni nani. Mwaka 2013 mgogoro na warithi wa McClory ukamalizwa. Genge la Spectre likarudi mikononi mwa Eon, na miaka miwili baadaye wakaliingiza kwa nguvu ndani ya hadithi iliyokuwa imeshajengwa bila yake. Wanasheria walimaliza kazi yao vizuri kuliko waandishi.

Ubishi wa nani acheze Bond ndio wenye kelele nyingi na ushahidi kidogo. Mzee mmoja wa mtaani kwetu haniachii: "Mwanangu, Bond ni Roger Moore. Hao wengine ni askari tu." Nilimuuliza, kwa heshima zote, kama Craig alikosea kuwa na nywele za rangi ya dhahabu. Akasema ndiyo, kitabu kinasema nyeusi. Kweli, kitabu kinasema nyeusi, na kinasema pia kuna kovu kwenye shavu la kulia. Moore hakuwa na nywele nyeusi wala kovu, na alipocheza A View to a Kill mwaka 1985 alikuwa na miaka 57. Mzee akaagiza kahawa nyingine na kubadilisha mada.

Kwa hiyo anayekuja na kitabu kumpinga mwigizaji, mpokee, ila mwambie akifungue kwa wote. Craig alipotangazwa Oktoba 2005 kulikuwa na watu walioitisha mgomo kabla hajapigwa picha hata moja, na filamu yenyewe ikaja kuingiza takriban dola milioni 600. Fleming naye hakumkubali Sean Connery mwanzoni. Baadaye, katika You Only Live Twice, akamwandikia Bond baba wa Kiskoti, Andrew Bond, na mama wa Kiswisi, Monique Delacroix, na wengi wanaona huo Uskoti ulitoka kwa Connery. Tazama sasa mawe ya kaburi ya Skyfall: majina ndiyo hayohayo. Mwigizaji aligusa kitabu, kitabu kikagusa filamu ya miaka 48 baadaye. Ukilijua hilo, ile kauli ya kwamba Idris Elba au mwingine yeyote hawezi kuwa Bond kwa sababu Bond "yuko hivi" inapungua uzito.

Kuhusu kubadilisha kitabu, msomaji mzuri ni mpelelezi wa vipande. Kitabu cha Live and Let Die kina tukio la Leiter kuliwa na papa. Kwenye filamu ya 1973 halipo, lakini limetumika 1989 kwenye Licence to Kill. Tukio la kuburutwa nyuma ya boti juu ya matumbawe, la kitabu hichohicho, liko For Your Eyes Only. Casino Royale ilibadilisha bakara kuwa poka, na fedha za Warusi alizopoteza Le Chiffre, adui wa Bond humo, zikawa fedha za kiongozi wa waasi wa LRA, anayekutana naye Mbale, Uganda. Mabadiliko yenyewe nayaona ya busara, Urusi ya Kisovieti haikuwepo tena. Ila rafiki wa Kiganda ana haki ya kuguna: Mbale iko mashariki, chini ya Mlima Elgon, na vita vya LRA vilikuwa zaidi kule kaskazini, Uacholi. Hoja ya namna hiyo ina thamani kuliko mia za nywele.

Tangu Februari 2025 usukani wa ubunifu umehamia Amazon MGM, na Denis Villeneuve ametangazwa kuongoza inayofuata. Watu wanauliza Bond atafufukaje wakati 2021 tulimwona akipigwa na makombora. Pale kwetu kuna walioondoka wamenuna, stelingi hafi! Hatafufuka. Wataanza upya kama 2006, na sidhani kama tunahitaji maelezo hata sentensi moja.

Kama unaanza kutazama leo, za Craig tano zifuate kwa mpangilio, kuanzia Casino Royale. Za zamani okota yoyote uipendayo, ila On Her Majesty's Secret Service itazame kabla ya For Your Eyes Only, hata kama utaruka zote zilizo katikati.