Mashudu Yanatoka na Mafuta, Chuo Kinaleta Dodoso

Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mhandisi mstaafu aliyefanya kazi viwandani, kisha akamalizia utumishi wake kwenye karakana ya chuo.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina mashine mbili za kukamua alizeti hapa Singida. Gunia la kilo 65 linanipa lita 16. Jirani yangu anapata 19, na alizeti tunanunua mnada mmoja. Mashudu yangu ukiyaminya kiganjani yanaacha mafuta. Wafugaji wa kuku wanayagombania, lakini mimi ndiye ninayeumia. Mwaka juzi walikuja watafiti wa chuo kimoja wakanijazisha dodoso la kurasa 11, wakaniuliza mpaka mke wangu kasoma hadi darasa la ngapi. Sikuwaona tena. Redioni kila siku nasikia viwanda vishirikiane na vyuo vikuu. Nishirikiane na nani, na nianzie wapi? – Mkamuaji, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye elimu ya mke nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nimewahi kugawa dodoso la namna hiyo. Tulilijaza viwandani, tukaandika ripoti, ripoti ikalala kwenye kabati la mkuu wa idara. Kwa hiyo nikuombe radhi kwa niaba ya wenzangu, kisha tuingie kazini.

Umeniambia jambo ambalo wenye viwanda wengi hawalisemi: lita 16 kwa kilo 65. Hiyo ni nusu ya utafiti. Lita 16 za mafuta ya alizeti zina uzito wa karibu kilo 14.7. Tuseme mbegu zako zina mafuta asilimia 35. Basi kwenye gunia mlikuwa na kilo 22 na robo tatu. Zilizobaki, kilo 8, zimeondoka na mashudu, na kuku wa watu wanazifaidi. Mashine ya kubana haimalizi mafuta yote, usidanganywe na muuzaji. Iliyo nzuri huacha asilimia 6 hadi 10 ndani ya mashudu. Yako inaacha kama asilimia 16. Ukiishusha ifike 8 tu, unapata lita nne na nusu zaidi kwa kila gunia. Ukikamua magunia 20 kwa siku, ni lita 90. Zidisha mwenyewe kwa bei ya huko.

Hiyo 35 nimeikisia. Mbegu za mnadani ni mchanganyiko: kuna Record ya siku nyingi, kuna chotara za dukani, kuna zilizorudiwa kupandwa hadi zimesahau jina lao. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuchukua nusu kilo ya mbegu na nusu kilo ya mashudu ya siku hiyohiyo, kuvifunga kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, kuandika tarehe na saa, na kuvipeleka maabara vikapimwe mafuta na unyevu. TIRDO, lile shirika la utafiti wa viwanda lililoanzishwa 1979 pale Dar es Salaam, kazi yake ni kuhudumia watu kama wewe. Idara ya sayansi ya chakula pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, nayo ni mlango wa kugonga. Utalipia, ndiyo. Lipa. Ukishalipia kipimo hakuna atakayekugeuza mtu wa kujazishwa dodoso, maana unakuja na karatasi yako mkononi.

Sasa nikupe kisa. Miaka ya tisini nilikuwa nasimamia karakana ya kukamulia mafuta, mahali sitapataja. Tulikuwa na ugonjwa kama wako. Mwenye mali aliita wataalamu, wakaja wanne, wakakaa siku moja, wakasema skrubu imelika, nunua mpya kutoka India. Hela haikuwepo. Baadaye tukaletewa kijana wa mwaka wa tatu kwa mafunzo kwa vitendo, mwembamba, suruali imefungwa kwa kamba ya katani. Nilimwambia kwa mzaha akae pembeni ya mashine apime mashudu. Akakaa kweli. Alikuwa na mizani ya dukani, daftari la kurasa 96 na saa ya mkononi. Kila nusu saa anakinga mashudu, anapima, anaandika. Wiki tatu.

Akaja na mchoro wa penseli. Mashudu yalikuwa na mafuta mengi asubuhi tu. Kuanzia saa nne yalitoka makavu, yamepindapinda kama magome. Mashine ilikuwa inaanza kazi ikiwa baridi, na kwa saa mbili za kwanza tulikuwa tunailisha mbegu mpya bila faida. Nikamwita fundi wetu mkubwa, mzee aliyeishi na mashine ile tangu ifungwe, nikamwonyesha. Akaangalia, akasema: "Hilo nalijua siku zote." Mbona hukusema? "Nani aliniuliza?"

Dawa ilikuwa kuianzisha kwa mashudu ya jana. Unayarudisha ndani mpaka chuma kishike moto, ndipo unamimina mbegu. Skrubu tuliitengeneza hapohapo, tukaijaza kwa kuchomelea na mkerezaji akaisawazisha kwenye leze, ile mashine ya kukereza chuma. Ile ya India haikununuliwa.

Sisemi ugonjwa wako ni huo. Huenda ni unyevu: mbegu mbichi inateleza ndani ya mashine, na mbegu iliyokauka kupita kiasi inatoka unga. Huenda ni makapi mengi, au ile nafasi ya kutokea mashudu umeiachia mno ili mota isilalamike. Nenda kwanza kwa fundi wako ukamwulize, peke yake, bosi asiwe amesimama mlangoni.

Kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo, idara ya uhandisi mitambo, chuo chochote kinachofikika. Usiandike kwa makamu mkuu wa chuo. Barua ya makamu itazaa hati ya makubaliano, hati itazaa picha ya kupeana mikono, nawe utabaki na lita zako 16. Mwandikie mratibu: nina mashine mbili, napoteza kilo kadhaa kwa gunia, vipimo hivi hapa, namtaka mwanafunzi mmoja wiki nane, nitampa pa kulala, chakula na nauli. Waratibu wanahangaika kila mwaka kutafuta nafasi. Barua yako ataibusu. Omba pia mwalimu msimamizi aje angalau mara mbili. Kama itaonekana chuma chenyewe kinahitaji kuchorwa upya, hapo ndipo uende TEMDO, Arusha, watu wa kubuni mitambo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wako nao hapohapo mkoani. Wanawajua wakerezaji wote wa mji.

Na usidhani hili ni jambo geni. Katikati ya miaka ya 1980, mkoani Arusha, mhandisi Mmarekani, Carl Bielenberg, alibuni mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, yenye mti mrefu wa kusukuma pistoni. Ya kwanza ilikuwa nzito, kinamama haikuwafaa. Ikapunguzwa mpaka mtu mmoja akaiweza. Halafu ikaonekana haipatani na mbegu za ganda gumu. Ilitaka mbegu za ganda laini, kama Record. Kwa hiyo waliohangaikia chuma walilazimika kuhangaikia na shamba. Mashine yako nayo ina maoni yake kuhusu mbegu unazonunua mnadani. Siku ukitaka kulifuatilia hilo, watu wa utafiti wa alizeti wako Ilonga, Kilosa.

SWALI: Mzee, salaam. Mimi ni mhadhiri wa uhandisi. Nasoma majibu yako, naona unatulaumu sana sisi wa vyuoni. Kupanda cheo kwangu kunahesabiwa kwa makala zilizochapishwa. Miezi sita kwenye kiwanda cha mtu hainipi makala hata moja, na mwenye kiwanda akikubali nifike ananitaka nisaini kwamba sitasema nilichokiona. Unanishauri nini? – Mhadhiri, Dar es Salaam

JIBU: Daktari, salaam nyingi. Lawama yako naipokea, na nusu yake naiweka mezani kwa wanaotunga sera.

Nchi hii haijapungukiwa na maandishi. Baraza la utafiti la UTAFITI liliundwa 1968, sera ya sayansi na teknolojia ikaja 1985, COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ikachukua nafasi ya UTAFITI kwa sheria ya 1986, sera ikaandikwa upya 1996. Umoja wa Afrika nao unataka kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Kote humo viwanda vimetajwa. Lakini mwaka 2022 Serikali ilipotangaza tuzo ya shilingi milioni 50, ilikuwa ya mtafiti atakayechapisha kwenye majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Siipingi tuzo hiyo, wenzetu wanajituma. Ila nilipoisikia nilijiuliza ya yule aliyekipunguzia kiwanda cha sabuni bili ya umeme itatangazwa lini. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ule wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, umevitaka vyuo viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Hiyo ni hatua. Omba uingie kwenye ya kwenu, kisha ajenda ya kwanza iwe hii ya kwako: kanuni za kupanda cheo.

Wakati unasubiri, mtazame Dkt. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja 1989, upande wa Paje na Jambiani. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri, ikaanza kufa kwenye maji ya kina kifupi yaliyozidi joto. Wakulima, wengi wao wanawake, wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Mwaka 2006 ukaanzishwa mpango wa kongano la mwani, Dkt. Msuya akiwa kiungo kati ya wakulima, watafiti na wanunuzi. Wakajaribu kuipeleka kotonii kwenye maji ya kina kirefu kwa nyavu zenye umbo la bomba, na kinamama wakajifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Na makala? Kaziandika, nyingi, kwa sababu swali alilipata mahali ambapo mtafiti wa mezani asingelipata.

Kuhusu kusaini: usikatae siri, igawe. Mwambie mwenye kiwanda: jina lako, bei zako na wateja wako sitavitaja kamwe, vipimo vya mashine nitavichapisha baada ya miezi 12, na utaisoma rasimu kabla sijaituma. Wengi wanakubali. Asiyekubali, mwandikie gharama ya ushauri elekezi kama mtaalamu mwingine yeyote, umfanyie kazi yake kwa malipo, na mambo ya makala uyasahau. Kosa nililoliona mara nyingi ni kutosema mapema ni ipi kati ya hizo mbili, halafu watu waliokuwa wakila pamoja wanakutana kwa mwanasheria.

SWALI: Shikamoo babu. Nasoma ufundi Mtwara. Nimetengeneza kifaa cha kubangulia korosho ambacho hakipasui punje, na mkono haugusi yale mafuta makali ya ganda. Nataka kukipeleka MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mwalimu mmoja anasema ni mali ya chuo kwa kuwa nilitumia karakana. Nimekuambatanishia picha, naomba uichape. – Mwanafunzi, Mtwara

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mashine za kubangua korosho zipo nyingi, kwa hiyo kwanza jiulize kipya kwako ni kipi hasa: kisu, au namna ya kuishika korosho? Kiandike hicho, na uchore.

Kuhusu mwalimu, mwajiriwa anayebuni kitu kwa kazi aliyoajiriwa kuifanya, ubunifu huwa wa mwajiri. Wewe hujaajiriwa. Lakini chuo kinaweza kuwa na kanuni zake, na huenda ulizisaini siku ya kujiunga bila kuzisoma. Omba nakala. Umwombe na mwalimu wako, kwa heshima zote, aandike anachokisema. Kama vyuma na umeme vilikuwa vyao, kuwapa sehemu si dhambi, mradi sehemu hiyo itajwe kwa tarakimu kabla hela haijaonekana.

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya alichobuni, inaombwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Jambo la kushika ni kwamba kitu kinatakiwa kiwe kipya siku unapoomba, na kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kuhesabiwa si kipya tena. Kwa hiyo BRELA kwanza, mashindano baadaye. Tena hataza ya Tanzania Bara haikulindi Msumbiji, ambako korosho ziko tele. Kwa nchi kadhaa kwa pamoja kuna ARIPO, shirika la haki miliki la kanda ya Afrika, Harare, ila ada zake zitakutoa jasho. Waulize COSTECH kama kuna msaada kwa wabunifu wadogo.

Picha yako sikuichapa. Nimeifuta, na mhariri naye nimemwomba aifute ya kwake.