Kwa wewe uliyekabidhiwa begi la dawa la timu

Timu ya mtaa haina daktari. Ina begi, na begi hupewa yeyote wa benchi anayeonekana mtulivu. Kama safari hii limekuangukia wewe, mdogo wangu, shika hili: ukifika kwa aliyeanguka, usilifungue kwanza. Muulize, mshike, ndipo ufungue. Mashabiki watapiga kelele "mpulizie, mpulizie!" Waache. Ile sprei inatia ganzi kwa dakika chache tu, na asiyesikia maumivu atakimbia juu ya jeraha asilolijua.

Enka utakutana nazo kila wiki, kwa viwanja vyetu hivi vya mashimo. Unyayo unapinda kwa ndani, kano za upande wa nje zinavutika au kuchanika. Kazi yako ni kujua kama ni kano au mfupa. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni yao mwaka 1992, na haitaki kifaa chochote. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa vifundo vyote viwili, cha nje na cha ndani, kuanzia nchani kupanda sentimita 6. Kisha bonyeza mfupa uliojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule wa upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Mwambie atembee hatua 4, hata kwa kuchechemea. Mfupa mmoja kati ya hiyo ukimuuma, au hatua 4 zikamshinda, aende akapigwe eksirei. Ila ubonyeze mfupa wenyewe. Ukiteleza kwenye nyama laini mbele ya kifundo cha nje, hata kano iliyovutika kidogo itamrusha, nawe utampeleka hospitali bure.

Kwenye goti, angalia saa. Mchezaji amegeuka ghafla, hakuguswa na mtu, kasikia mlio, na goti limejaa kabla hata hamjafika nyumbani: mara nyingi hiyo ni damu ndani ya kiungo, na wa kushukiwa kwanza ni ile kano ambayo watangazaji huiita ACL. Likivimba kesho yake na kukwama kunyooka, fikiria zaidi gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa ya goti. Yote mawili ni ya daktari, si ya kukandwa.

Tukija kwenye kukanda: wazee wetu wana mikono mizuri, sina ugomvi nao, lakini siku tatu za kwanza wasubiri. Paja lililopigwa goti linavuja damu ndani. Ukilichua na dawa ya moto unaongeza uvujaji, na wakati mwingine mfupa huota ndani ya msuli. Weka barafu juu ya kitambaa, dakika 10 hadi 15, kwa ajili ya maumivu. Usiitegemee kuponya, Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeeneza ushauri wa barafu na kupumzika mwaka 1978, mwenyewe alikuja kukiri kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Funga bandeji, lakini vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, legeza hapo hapo.

Aliyeshika nyuma ya paja akiwa kwenye mbio anatoka. Hapa kocha atakubembeleza kuliko pengine popote, kwa sababu kijana anatembea vizuri na kesho yake anacheka. Msuli huo unapenda kuchanika tena palepale. Asirudi mpaka akimbie kwa kasi yake yote mazoezini bila kuukumbuka. Maumivu yakiisha, mpigishe magoti, mwenzake amshike vifundo, naye ajishushe mbele polepole akijizuia kwa mapaja. Wiki ya kwanza atalalamika hata kukaa kwenye kigoda ni shida. Huo ni uchovu wa msuli: ukiwa pande zote mbili sawa, usikutie hofu, ukichoma sehemu moja, msimamishe.